Njia Iliyopimwa kwa Kwato

Mwezi uliopita lori la ng'ombe liliharibika mbele ya nyumba yangu hapa Malindi, jua la saa sita, dereva akaenda kutafuta fundi. Ng'ombe wakabaki mle juu bila maji. Mimi sikuwaona, nilikuwa uani nikipepeta mchele. Ikaja harufu. Si ya mavi ya ng'ombe, hiyo kila mtu anaijua na wala haina neno. Hii ni harufu ya ng'ombe mwenye kiu: vumbi, jasho, na pumzi chungu inayotoka kwenye tumbo lisilo na kitu. Ungo ukanitoka mkononi. Wajukuu walinikuta nimejibana ukutani kama mtu anayepisha kitu kikubwa kipite. Walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka, maana ningefanya nini? Lakini miguu ilikuwa inatetemeka, na nyinyi wa rika langu mnajua kwamba miguu haijui kudanganya.

Nilizaliwa Garsen, mtaa wa Kivukoni, enzi ya mkoloni, wakati mto Tana ulikuwa bado unavukwa kwa pantoni. Nikisema mtaa, msiwaze maghorofa. Zilikuwa nyumba za udongo na makuti, safu mbili zinazotazamana, na katikati yake uwazi mpana ajabu ulionyooka kutoka mbugani hadi mtoni. Ukitaka kuomba moto kwa jirani wa upande wa pili, ulipiga kelele kwanza ndipo uanze safari. Wageni waliokuwa wakingoja pantoni waliuliza kila siku: mbona mmejenga mbalimbali hivi, mmegombana? Baba, aliyekuwa na hoteli ya chai mbele ya nyumba yetu, aliwajibu kwamba ni kwa ajili ya upepo.

Historia ya mtaa tuliijua, au tulidhani tunaijua. Babu yangu na wenzake watatu walirudi wakiwa hai kutoka vita vya Mjarumani, walikobebeshwa mizigo mpaka mabega yakaota sugu. Waliporudi hawakutaka tena kuamriwa na mtu. Babu akamchukua Bibi kwao Kipini, wakapanda mto kwa mtumbwi, wakajenga kibanda cha kwanza pale kivukoni. Wenzake wakafuata: mmoja Mpokomo, mmoja Mgiriama, na mmoja Mnyasa ambaye hakuwahi kurudi kwao. Kufikia vita vya Hitla, mtaa ulikuwa na msikiti wa makuti, duka la chumvi na sukari, na fundi cherehani. Hivyo ndivyo Baba alivyosimulia, na akifika hapo hujipigapiga kifua kama ni yeye aliyebeba hiyo mizigo.

Kitu kimoja hakikuwamo katika hadithi hiyo, nacho ni ule uwazi. Bibi hakuruhusu chochote pale. Usianike samaki, usichimbe meko, usisimamishe hata kigingi cha kufungia mbuzi. "Ndia hii ina wenyewe," alisema kwa Kikipini chake, na ukimuuliza wenyewe ni nani, alikutuma kuteka maji.

Sasa mtoto akinyimwa jibu hujitengenezea lake. Niliona kwamba kila asubuhi Bibi alifagia kipande kimoja tu cha njia, hapo mbele ya mlango wetu, kisha akakinyunyizia maji kwa kata. Upande wote uliobaki aliuacha na takataka zake. Nikahitimisha kwamba wenyewe ni majini na pale ndipo wanapokaa. Kwa kuwa nilikuwa mtoto mwenye adabu, nikawa nawawekea kipande cha mkate wa kumimina kwenye ile sehemu iliyofagiwa. Nikirudi nilikuta kimeliwa. Siku hizi najua ni kunguru. Siku zile nilijiona mtu wa maana, mwenye rafiki ambaye wenzangu hawana.

Niwaambie na jina langu, kwa sababu litahitajika. Naitwa Mwanaisha. Bibi ndiye aliyenipa, na ni jina la shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, aliyekufa kwa homa kabla Baba hajazaliwa. Hayo tu. Kwetu kupewa jina la marehemu ni jambo la kawaida, sikuwahi kuuliza zaidi.

Mama yangu alitaka kitu kimoja duniani: chumba chenye mlango. Tangu aolewe aliishi na mkwewe chumba kimoja kilichogawanywa kwa leso iliyotundikwa kwenye kamba. Watoto wake wote alituzaa nyuma ya leso ile, akiuma kanga asisikike na wanywaji chai. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na Baba alikuwa amemwapia kwamba huyu atazaliwa chumbani kwake. Nyuma ya nyumba hapakujengeka, palikuwa na bwawa. Nafasi ilikuwa mbele tu, njiani.

Habari ya msiba ikatoka Kipini, dada yake Bibi amefariki. Bibi akateremka mto kwenda matangani, akakaa huko muda mrefu. Mtumbwi wake ulipoondoka tu, Baba akaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Jirani mmoja akamwona, naye akasogeza jiko lake mbele. Mwingine akajenga banda la kuku. Walikuwa kama watoto ambao mwalimu ametoka darasani. Mama alikandika kuta za chumba chake mwenyewe, tumbo likiwa mbele, udongo hadi viwikoni, akiimba. Sijawahi kumsikia Mama akiimba kabla ya hapo. Baba akamsukia kitanda cha kamba kipya, kikaingizwa ndani udongo haujakauka vizuri, maana Mama hakuweza kungoja.

Chumba kile kilikaa juu ya sehemu ya kufagiwa. Nilimhurumia jini wangu, nikamnong'oneza Mama kwamba kuna mtu tumemkalia. Alinipiga kofi dogo la mdomo akaendelea kuimba.

Bibi aliporudi alishuka mtumbwini na furushi kichwani, akapanda ukingo wa mto, akaona. Furushi lilianguka. Hakupiga kelele. Alikwenda hadi kwenye ukuta mpya, akauwekea kiganja kama mtu anayepima homa, akamwambia Baba, "Vunda."

"Mama, karibu kwanza, pumzika."

"Vunda, mwanangu."

"Ni kwa ajili ya ng'ombe? Ng'ombe wa mwisho kupita hapa walipita Mwanaisha hajaota meno. Mvua ni njema miaka yote hii, Waorma wana malka yao huko juu. Mke wangu azae nyuma ya leso mpaka lini?"

Ndipo niliposikia kwamba njia yetu ni malka, mapito ya kupitishia mifugo mtoni wakati wa kiangazi kikali. Sikuamini hata kidogo. Nani afagilie ng'ombe?

Bibi alimtazama Mama, akatazama tumbo lake, akaokota furushi lake. Nafikiri alishindwa. Lakini tangu siku hiyo hakukanyaga kizingiti cha chumba kile, na asubuhi alifagia kandokando ya ukuta, kwa ufagio mfupi, akienda na kona zake.

Kisha mvua ikakosa. Ikakosa tena. Mto ulikonda mpaka pantoni ikakaa juu ya matope, na abiria wakawa wanavuka kwa miguu, viatu mkononi. Alasiri moja akaingia hotelini kijana wa Kiorma, mkuki begani, midomo imepasuka kwa jua. Alikunywa maji kwanza, halafu chai, halafu maji tena.

"Mzee," alimwambia Baba, "kesho asubuhi ng'ombe nakuja."

"Wapitisheni malka ya juu."

"Ile nafungwa. Watu nalima huko. Iko hii tu." Akageuka kutazama nje. "Hii nyumba nakaa kwa njia."

"Tutasimamisha vijana na fimbo. Watazunguka."

Yule kijana hakucheka, ingawa nadhani alitaka. "Ng'ombe nasikia harufu ya maji, hapana jua fimbo. Hapana jua hata mama yake." Akashukuru kwa chai, akaondoka kurudi mbugani alikotoka.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga. Aliweka sinia chini, akaingia ndani, akatoka na jembe. Tulidhani anakwenda shambani saa ile, na watu wakaanza kutabasamu. Alifika kwenye ukuta wa Mama akaupiga.

Wengine mmeona vita, mmeona moto. Mimi katika utoto wangu sikuona jambo la kutisha kuliko nyanya yangu, mwanamke aliyekuwa akinifunga kanga kwa vidole laini, akipiga ukuta ule kwa nguvu zote, mdomo wazi, bila sauti. Udongo uliruka. Mama alitoka hotelini mbio, akajiweka kati ya jembe na ukuta, mikono imefunika tumbo.

"Mama, niue mimi kwanza! Nimekukosea nini? Nimekukosea nini mimi?"

Bibi alisimama na jembe juu. "Toka hapo. Kuna mtoto humo."

Chumba kilikuwa kitupu, kila mtu alijua. Kitanda tu na mkeka. Baba alisema polepole, kama anavyosemeshwa mgonjwa, "Mama, humo hamna mtoto."

"Yumo," alisema Bibi. "Hamumuoni nyinyi. Mimi namuona kwa mato yangu."

Nilijikojolea. Nasema wazi, nina umri wa kutosha. Nilijua kwamba Bibi naye amemwona jini wangu, kwamba ni mtoto, na kwamba tumemfungia ndani. Mama aliondoka ukutani, nyuma nyuma, macho hayamwachi Bibi, na kwa namna alivyomtazama niliona kwamba upendo wote aliokuwa nao kwake ulikuwa umeisha. Baba alitaka kumpokonya Bibi jembe, akashika mpini, wakavutana kidogo, mama na mwanawe, mbele ya watu. Kisha Baba akaachia. Alikaa chini kwenye vumbi akafunika uso. Bibi akaendelea. Jua lilipokaribia kuzama hapakuwa na chumba. Majirani, wengine wakilaani, wengine wakiogopa, nao walikuwa wakivunja vya kwao.

Asubuhi tulisimama kila mtu kwenye mlango wake, migongo ukutani. Vumbi lilionekana mbugani tangu alfajiri, jekundu, limetanda. Mbele yake, mbali kidogo, alikuja mzee mmoja peke yake, fimbo mkononi, akichechemea. Mguu wake mmoja ulikuwa umepinda gotini, akiutupa kwa pembeni kila hatua. Alipita kati ya safu zetu mbili bila kutazama mtu. Alipofika mbele ya nyumba yetu, pale kwenye vifusi, alisimama. Akatazama chini. Kisha akaita, kwa sauti ya juu, kama anayemwita mtu aliye ndani:

"Mwanaisha!"

Mtoto wa kike wa kwetu akiitwa na mtu mzima haulizi anayeita ni nani. Nilifundishwa kuitika kabla ya kufundishwa kutembea.

"Labeka!"

Fimbo ilimwanguka. Yule mzee aligeuka, akaniona mlangoni, na uso wake ukabadilika mpaka nikajificha kwenye kanga ya Bibi. Nilimtazama Bibi anieleze nimefanya nini, nikaona naye machozi yanamtiririka na hayafuti.

Hapakuwa na wakati. Ardhi ilikuwa imeanza kutikisika chini ya nyayo. Vijana wawili wa Kiorma walimshika mzee mikono wakamvuta pembeni, upande wetu, akabanwa ukutani pamoja nasi, bega lake lenye joto likigusa kichwa changu. Na ng'ombe wakaja.

Nilitarajia milio. Nilichosikia ni pembe zikigongana, na pumzi. Mbavu zao zilihesabika, macho yalikuwa meupe, ndimi nje. Walijaza njia yote, safu moja na nyingine, mpaka hatua chache tu kutoka vidole vyetu vya miguu, wala hawakuvuka hapo. Kitanda cha Mama, ambacho katika fujo hakuna aliyekumbuka kukiondoa, nilikiona kikiingia chini yao. Sikukiona tena. Hata kipande cha kushika mkononi hakikubaki. Mama aliangalia pale kilipokuwa kitanda, akaangalia tumbo lake, akashuka ukutani polepole hadi akakaa.

Mifugo ilipofika mtoni, yule mzee aliketi kwenye mkeka wetu, akakataa chai. Bibi aliketi mbele yake. Ndipo Bibi akamwambia Baba, "Dadako hakufa na homa."

Aliyasema yote papo hapo, mchana kweupe, na sisi watoto tukisikia. Miaka ile ya mwanzo, kabla mtaa haujawa mtaa, mto ulinywea, na Babu akaona ardhi nyeusi nzuri kwenye malka, haina mtu. Akapanda mahindi. Akazungusha ua wa miiba. Waorma waliokuwa wakipita walimwambia, mzee, hapa usifunge. Babu alikuwa ametoka vitani juzi, hakutaka kuambiwa. Siku moja Bibi alimlaza binti yake ndani ya ua, kivulini pa mahindi, akateremka kuteka maji.

"Nalikuwa mtoni," alisema Bibi. "Mtungi haukuwa umeyaa. Ng'ombe wakaya."

Hapo yule mzee akapokea. Yeye wakati huo alikuwa kijana, ng'ombe wa mbele walikuwa wa babake. Aliona ua unalala, akaona kitambaa cha mtoto katikati ya kwato. "Mimi naingia," alisema. "Mimi naingia, nashika yeye. Lakini kuchelewa." Akagonga goti lake lililopinda.

Wazee wao walikuja na ng'ombe wa kutoa kwa msiba, kama ilivyo desturi yao. Babu hakumpokea. Aliwaambia, miiba niliipanda mimi. Aling'oa ua kwa mikono, mpaka viganja vikatoka damu, akawaomba kitu kimoja: wapitishe tena ng'ombe wao wote, kwa mwendo wao, bila kuwabana. Yeye na wale wenzake watatu wakatembea kandokando wakichomeka vijiti ardhini kila mahali ukwato wa mwisho ulipogusa, huku na huku. Nyumba zikajengwa nje ya vijiti. Hivyo ndivyo mtaa wetu ulivyopimwa, na hakukuwa na upepo wowote. Babu akawasihi wenzake waseme ni homa, kwa sababu hakuweza kulisikia likisemwa vingine. Walitunza siri mpaka wote wakaingia nayo kaburini.

"Kila mimi napita," alisema yule mzee, "mimi naita yeye. Naomba njia. Miaka yote." Akanitazama. "Hapana itika hata siku moja."

Sijui mnawezaje kumweleza mtoto kitu kama hicho, na hakuna aliyejaribu. Nilikaa nikitazama ile sehemu niliyokuwa nikiwekea mkate. Ilikuwa imevurugwa, imejaa alama za kwato. Nilikuwa nimemlisha shangazi yangu. Nilikuwa nimemwita jini mtoto aliyelala kivulini, mdogo kuliko mimi, mwenye jina langu. Nikamwuliza Bibi kama nami nitakanyagwa. Alinivuta akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikaumia.

Baba alikuwa amesimama kwenye nguzo ya hoteli, uso umepauka. Mama ndiye aliyeinuka. Nilidhani anakwenda kumtukana Bibi, na baada ya jana nisingemlaumu. Alichukua ufagio mfupi wa Bibi, akainama kwa tabu na tumbo lake, akaanza kuondoa vifusi vya chumba chake mwenyewe. Bibi akamwambia, acha, mwanangu. Mama hakuacha. Alifagia mpaka pakawa safi, akaomba kata ya maji, akanyunyiza.

Alasiri mifugo ilirudi kutoka mtoni. Sasa walikuwa ng'ombe wengine, matumbo yamejaa, wakitembea taratibu na kupiga mikia. Yule mzee alitangulia tena. Alifika mbele ya nyumba yetu, akasimama ukingoni mwa ile sehemu yenye unyevu, bila kuikanyaga. Mtaa mzima ulikuwa milangoni. Alivuta pumzi, na safari hii hakutazama chini.

"Mwanaisha," aliita. "Ng'ombe nakunywa. Sisi narudi. Napita?"

Nilihisi macho ya watu wote juu yangu, nikatamani ardhi inimeze. Sikujua nikiitika ninaitika kwa ajili ya nani. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilisikia anapumua kwa shida.

"Muitike," alininong'oneza. "Ana miaka mingi anangoja."

Nikafungua mdomo, haikutoka sauti. Nikafungua tena.

"Labeka," nikasema. "Piteni."

Yule mzee akainamisha kichwa, akainua fimbo, akapita. Mama alikuja akanishika bega, vidole vyake vina udongo wa ukuta wake, na hakuniachia mpaka ng'ombe wa mwisho akatoka mtaani.